Michirizi ya Ujauzito: Inatokea Wapi, na Mafuta Yanafika Wapi

Mwanamke akishafika mwezi wa tano, tumbo likaanza kuonekana hata ndani ya dera, ushauri humiminika bila yeye kuuomba. Jirani anamwambia apake mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Wifi anakataa, anasema bora ya mzeituni. Mama mkwe anamwonya asijikune, maana kila alipopitisha kucha patatoka mchirizi. Shoga yake wa kazini, aliyezaa watoto watatu na tumbo lake halina hata mstari, anamhakikishia kuwa siri ni maji ya kunywa. Akifungua simu anakutana na muuza krimu mwenye picha mbili za tumbo, moja kabla na moja baada, na ahadi kwamba michirizi itafutika ndani ya wiki mbili.

Karibu wote hao wanamtakia heri. Tatizo ni kwamba maneno yao hayaendani, na katikati yake kuna fedha zinazopotea, kuna lawama zisizo na haki, na kuna vikopo ambavyo mjamzito hakupaswa hata kuvifungua. Kwa hiyo tulichukue jambo hili taratibu, tuanze na kujua mchirizi ni kitu gani na uko sehemu gani ya ngozi. Ukishapajua hapo, maswali mengi yanajijibu yenyewe.

Mchirizi ni upi, na upi si mchirizi

Michirizi ni mistari membamba inayotokea kwa wingi tumboni, hasa chini ya kitovu na ubavuni, na pia kwenye matiti, nyonga, makalio na mapaja. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe huanza ikiwa myekundu au ya waridi. Kwa ngozi nyeusi mara nyingi huanza na rangi ya zambarau, kahawia nzito, au weusi uliozidi ule wa pembeni yake. Ikiwa mipya inaweza kuwa imetutumka kidogo na kuwasha. Miezi ikipita inapauka, inasinyaa, na ngozi yake inang'aa kwenye mwanga. Ukifumba macho ukapitisha kidole juu ya mchirizi wa zamani utausikia: pana kibonde chembamba, na ngozi ya pale ni laini na legelege kuliko ile iliyo kando.

Usiuchanganye na ule mstari mmoja mweusi, ulionyooka, unaoshuka kutoka kitovuni hadi kwenye kinena. Huo si mchirizi. Homoni za ujauzito huongeza rangi ya ngozi sehemu kadhaa za mwili, ndiyo maana chuchu hukoza weusi, wengine hupata mabaka usoni, na mstari huo ambao siku zote haukuonekana ukajitokeza. Hiyo ni rangi tu, na kwa kawaida hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Nimeona wanawake wakiusugua mstari huo kwa limau hadi ngozi ikababuka, kumbe ulikuwa unangoja tu muda wake.

Mchirizi wenyewe ni kovu. Si ugonjwa, haumdhuru mama wala mtoto, na haumpati mjamzito peke yake. Vijana wanaorefuka haraka wakati wa kubalehe huupata mgongoni na mapajani, wavulana kwa wasichana, na wanaonyanyua vyuma huupata mabegani.

Bitana ndiyo iliyochanika

Ngozi ina tabaka. Ya juu ni nyembamba sana, ndiyo tunayoiona, tunayoigusa na tunayoipaka mafuta. Chini yake kuna ngozi ya kati, nene zaidi, iliyojaa nyuzi za aina mbili: kolajeni, inayoipa ngozi uimara, na elastini, inayoiwezesha kuvutika na kurudi mahali pake. Chini ya hapo ndipo kuna mafuta ya mwili.

Fikiria gauni lenye bitana ambalo aliyelivaa amenenepa. Kitambaa cha juu kimestahimili, hakina tundu hata moja, lakini ndani bitana imeachia. Ukilitazama kwa nje unaona mikunjo na mibonyeo pale bitana ilipochanika. Mchirizi uko hivyo hivyo. Nyuzi za ngozi ya kati zimeachana, ngozi ya juu iko nzima, ndiyo maana hakutoki damu wala hakuna kidonda. Mwili unapaziba pale palipoachia kwa nyuzi za kovu, zilizopangika tofauti na zile za awali, na ile rangi ya mwanzoni inatokana na mishipa midogo ya damu inayoonekana kupitia pale palipokuwa pembamba. Gauni hilo unaweza kulipiga pasi na kulifukiza udi upendavyo, bitana haitashoneka.

Watu wengi husimamia hapo hapo kwenye kuvutika: tumbo limekuwa kubwa, ngozi imechanika, basi. Lakini ingekuwa kuvutika peke yake, kila aliyebeba mapacha angekuwa na michirizi, na kila mwenye tumbo dogo asingekuwa nayo. Tunajua sivyo. Kuna mambo mengine mawili yanayofanya kazi pamoja na kuvutika huko. La kwanza ni homoni. Wakati wa ujauzito mwili unaongeza homoni kadhaa, ikiwemo kotisoli, ambayo ikizidi inapunguza utengenezaji wa nyuzi za ngozi na kuziacha dhaifu. Naomba uikumbuke kotisoli, tutairudia mbele kidogo kwa sababu muhimu sana. La pili ni urithi: nguvu ya nyuzi zako uliipata kwa wazazi wako kabla hujajua ujauzito ni nini.

Nani huipata zaidi

Tafiti za nchi mbalimbali hutoa viwango tofauti, lakini nyingi huangukia kati ya asilimia 50 na 90 ya wajawazito. Maana yake ni kwamba kuwa na michirizi baada ya kuzaa ndiyo hali ya kawaida, na kutokuwa nayo ndiyo bahati. Kwa wengi hujitokeza baada ya mwezi wa sita, tumbo linapokua kwa kasi, ingawa wapo wanaoiona mapema zaidi, hasa kwenye matiti.

Kinachotabiri vizuri kuliko vingi ni familia. Kama mama yako au dada yako wa tumbo moja aliipata, uwezekano wako unapanda. Hapo ndipo siri ya yule shoga wa kazini ilipo: si maji aliyokunywa, ni nyuzi alizorithi. Mengine ni uzito mkubwa kabla ya kushika mimba, uzito unaoongezeka sana wakati wa ujauzito, mtoto mkubwa, mapacha, na maji ya uzazi kuwa mengi kupita kiasi.

Kisha kuna jambo linalowashangaza wengi: umri mdogo. Msichana wa miaka 17 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata michirizi mingi kuliko mwanamke wa miaka 35, na limeonekana hivyo katika utafiti baada ya utafiti. Kwa hiyo lile neno linalosemwa kirahisi vibarazani, kwamba fulani ameharibika tumbo kwa sababu hakujitunza, mara nyingi huwa linamwangukia binti ambaye hakuwa na namna yoyote ya kulikwepa. Neno hilo linaumiza, na halina ukweli.

Katika orodha yote hiyo, kilicho mikononi mwako wakati wa ujauzito ni kasi ya kuongezeka uzito, na hata hicho ni kwa sehemu tu. Mwongozo unaotumika sana, uliotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2009, unasema mwanamke aliyeanza ujauzito na uzito wa kawaida aongezeke kilo 11.5 hadi 16 kwa ujauzito mzima. Aliyeanza akiwa na uzito pungufu aongezeke kilo 12.5 hadi 18, aliyeanza na uzito uliozidi kilo 7 hadi 11.5, na mwenye unene mkubwa kilo 5 hadi 9. Anayebeba mapacha ana viwango vyake, vya juu zaidi. Kila hudhurio la kliniki unapimwa uzito na unaandikwa kwenye kadi. Muulize muuguzi akuoneshe unavyopanda tangu siku ya kwanza. Wengi wetu tunapanda kwenye mzani, tunashuka, na hatuulizi.

Ule usemi kwamba mjamzito anakula kwa niaba ya watu wawili umewaongezea wengi kilo ambazo hawakuzihitaji. Lakini upande wa pili unanitisha zaidi: yule anayejinyima chakula ili tumbo lisikue. Tumbo linakua kwa sababu ndani kuna mtoto, kondo la nyuma na maji yake. Ukijinyima, wa kwanza kupungukiwa ni wewe na mtoto, na nyuzi za ngozi hazitapata faida yoyote. Kula ugali au wali wako, maharage, dagaa, mayai, mboga za majani na matunda kwa kiasi, tembea, na umeze vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa.

Je, mafuta yanazuia?

Mtu akikuambia "mimi nilipaka nazi na sikupata", anasema kweli, lakini hajui angekuwaje kama asingepaka. Ili kujua, inabidi uwachukue wanawake wengi, uwagawe makundi mawili kwa kura, kundi moja lipake krimu yenyewe na jingine lipake krimu inayofanana nayo kwa sura na harufu lakini haina kile kiungo kinachosifiwa, na pasiwe na anayejua kapata ipi hadi mwisho. Kisha mnahesabu.

Hilo limefanyika. Siagi ya kakao, inayosifiwa sana duniani kwa jambo hili, ilijaribiwa Lebanon, matokeo yakachapishwa 2008, halafu Jamaika kwa wajawazito 300, matokeo yakatoka 2010. Huo wa Jamaika unatuhusu kwa karibu, kwani wengi wa wanawake wale ni weusi wenye asili ya Afrika. Kote kuwili tofauti kati ya waliopaka kakao na waliopaka krimu ya kulinganishia haikuwa ya kutegemewa. Mafuta ya mzeituni yalijaribiwa Iran, yakaishia pale pale. Mwaka 2012 wataalamu wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio na kuyapima kwa pamoja, walichambua majaribio sita yenye wanawake 800. Hawakupata ushahidi mzuri kwamba mafuta au krimu yoyote kati ya zilizopimwa huzuia michirizi.

Sababu tumeshaiona. Mafuta mengi yanakaa kwenye ngozi ya juu. Bitana iko chini yake.

Kuna dalili ndogo ya matumaini upande wa kukanda. Nchini Uturuki, wajawazito waliokandwa ngozi ya tumbo kwa mafuta ya lozi kwa dakika 15 walipata michirizi kidogo kuliko waliopaka mafuta hayo hayo bila kukanda. Utafiti ni mmoja na mdogo, na wahusika walijua wazi wanachofanyiwa, kwa hiyo siwezi kukuahidi kitu. Lakini kujipapasa tumbo kwa upole na mafuta kwa dakika chache hakuna ubaya, na wengi hukupenda. Nasisitiza upole. Kuchuliwa tumbo kwa nguvu ili "kumweka mtoto sawa", kama wanavyofanya baadhi ya wakunga wa jadi, ni jambo jingine kabisa na ni la hatari, linaweza kubandua kondo la nyuma. Usikubali.

Basi tuache kupaka? Hapana. Ngozi inayovutika hukauka na kuwasha, na mafuta huizuia isipoteze maji. Unalala vizuri zaidi, hujikuni usiku kucha, na ngozi inakuwa nyororo. Kwa kazi hiyo mafuta ya nazi yanatosha, na mafuta ya mgando ya bei ya chini yanatosha pia. Chagua yasiyo na manukato makali, kwa sababu ngozi ya mjamzito hukasirika haraka, na paka ukitoka kuoga mwili ukiwa na unyevu bado. Kinachoniuma ni kuona mama anatoa fedha ya siku kadhaa za chakula kununua chupa moja ya mafuta "maalumu ya michirizi", wakati mafuta ya nazi yaliyo jikoni kwake yangeifanya ile sehemu ya kazi inayowezekana.

Maji ya kunywa ni mazuri kwa sababu zake nyingi. Kuzuia michirizi hakujawahi kuonekana kuwa mojawapo.

Vikopo vya hatari

Hapa naomba usome polepole, hasa kama tayari unatumia kitu ulichouziwa mtandaoni au kupimiwa dukani.

Krimu nyingi zinazouzwa kwa ahadi ya kufuta michirizi haraka ni mkorogo uliobadilishwa jina. Muuzaji anachanganya krimu ya kung'arisha, losheni, na bomba moja au mawili ya dawa ya ngozi, anaweka kwenye kikopo kisicho na lebo, anakiita "mafuta ya uzazi" au "stretch". Mteja akipaka, baada ya siku chache anaona weusi wa michirizi umepungua na muwasho umekwisha, anaamini amepona. Kilichomo ndani mara nyingi ni steroidi kali.

Sasa turudi kwenye kotisoli. Steroidi za kupaka ni ndugu wa kotisoli waliotengenezwa kiwandani, wengine wenye nguvu zaidi yake mara nyingi. Zikipakwa kila siku kwa wiki na miezi, zinafanya kile kile: zinapunguza nyuzi za ngozi, zinaifanya iwe nyembamba hadi mishipa ionekane, na mwisho wake zinaleta michirizi. Dawa iliyonunuliwa kuondoa michirizi inaitengeneza mingine, tena mipana na ya zambarau iliyokolea, mara nyingi mapajani, kwapani na kwenye mikunjo ya mikono. Madaktari wa ngozi wa kwetu wanaiona michirizi ya aina hii kwa watumiaji wa mkorogo, wanawake kwa wanaume.

Steroidi kali zikitumika kwa wingi katika ujauzito zimehusishwa pia na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kama una kikopo chenye boksi lake, soma maandishi madogo. Ukiona neno "clobetasol" au "betamethasone", hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari kwa ugonjwa maalumu wa ngozi na kwa muda mfupi, si mafuta ya tumbo. Na kama umekuwa ukiipaka kwa muda mrefu, usione aibu kumwambia daktari. Kuiacha ghafla kunaweza kuifanya ngozi iwake na kuwasha sana, hivyo unahitaji mtu wa kukuongoza.

Zebaki ni mbaya kuliko zote. Huwekwa kwenye baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha kwa sababu inazuia ngozi kutengeneza rangi. Inapenya ngozi, inaharibu figo, na kwa mjamzito inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe sokoni ifikapo 2025. Haidrokwinoni, dawa nyingine ya kung'arisha ngozi, nayo huingia mwilini kwa kiwango kikubwa kupitia ngozi, ndiyo maana wajawazito hushauriwa wasiiguse. Tanzania hairuhusu vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni wala steroidi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini marufuku haifiki kwenye kikopo kilichokorogwa chumbani kwa mtu. Kikopo kisicho na lebo, usikipake.

Kundi la nne ni dawa za ukoo wa vitamini A, kama tretinoini na retinoli, zinazosifiwa kwa ngozi ya uso. Tretinoini ni miongoni mwa dawa chache zilizoonekana kupunguza michirizi ikiwa bado mipya, lakini haitumiki wakati wa ujauzito, kwa sababu dawa za ukoo huu zikimezwa huharibu viungo vya mtoto tumboni, na hakuna daktari anayetaka kubahatisha hata na ile ya kupaka. Na limau? Maji yake yakibaki kwenye ngozi iliyopigwa na jua yanaweza kuiunguza na kuacha madoa meusi ya miezi mingi. Magadi na dawa ya meno vinakwaruza na kubabua tu.

Baada ya kujifungua

Habari njema ni kwamba muda wenyewe unafanya kazi kubwa. Ndani ya miezi sita hadi mwaka, rangi ya zambarau inafifia, mistari inasinyaa, na mingi inabaki mepesi kuonekana. Haipotei yote, kwa sababu kovu halipotei. Mama aliyejifungua wiki sita zilizopita na akajitazama kwenye kioo akalia, anatazama michirizi ikiwa katika hali yake ya kuonekana zaidi. Mwambie hivyo.

Mkaja, ile kanga au kitambaa ambacho mama wa pwani hufungwa tumboni baada ya kuzaa, haugusi michirizi. Unashikilia misuli iliyolegea, mama anajisikia imara anapoinuka na kutembea, na wengi huupenda kwa hilo. Ufungwe wa kiasi. Ukibana hadi mama anapumua kwa shida au kovu la upasuaji linauma, umezidi.

Anayetaka tiba ya kweli aanzie kwa daktari wa ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na waliopitia huko wako katika hospitali nyingi za mikoa. Akishamaliza kunyonyesha, anaweza kuandikiwa tretinoini ikiwa michirizi bado ina rangi. Ikishapauka, inafanya kazi kidogo sana. Zipo pia tiba za mwanga wa leza, na za kutoboatoboa ngozi kwa sindano ndogo sana ili nyuzi mpya zichipue ndani. Kwa ngozi nyeusi leza isiyopimwa vizuri huacha mabaka meusi yanayoonekana kuliko michirizi yenyewe, hivyo muulize anayekuhudumia amewahi kutibu watu wenye rangi yako, na akuoneshe. Zote hizi ni za awamu nyingi, ni ghali, na lengo lake ni kupunguza. Anayekuambia atafuta kabisa, ondoka.

Na kuna neno la waume, maana wapo wanaosoma hapa. Mke anayezima taa kabla ya kuvua nguo mara nyingi anakumbuka kauli moja aliyoambiwa, labda kwa utani. Tumbo hilo limebeba mtoto wenu. Kauli yako moja nzuri itamfaa kuliko krimu utakayomnunulia.

Muwasho unaopaswa kukupeleka hospitali

Kujikuna hakuleti michirizi. Mambo yako kinyume: nyuzi zinapoachia ndani, ngozi inawasha, mama anajikuna, na siku chache baadaye mistari inajitokeza pale pale. Anaona kucha ndizo zilizosababisha. Bado ni vizuri kupaka mafuta badala ya kujikuna, kwa sababu ngozi ikichubuka inaweza kuingia vijidudu.

Lakini kuna miwasho miwili ambayo si ya michirizi. Mmoja huja na vipele vyekundu au vyeusi vilivyotutumka, vinaanzia ndani ya michirizi yenyewe, vinakwepa kitovu, kisha vinasambaa mapajani. Hutokea zaidi miezi ya mwisho ya mimba ya kwanza au ya mapacha. Unasumbua sana ila haumdhuru mtoto, na huisha wiki chache baada ya kujifungua. Daktari anaweza kukupa dawa ya kupaka ya kiasi, ya siku chache, ambayo hata kama ni steroidi haifanani na mkorogo, kwa sababu amepima nguvu yake na muda wake.

Mwingine hauna vipele kabisa. Unawasha viganja vya mikono na nyayo za miguu, unazidi usiku, na unaweza kuenea mwili mzima. Wengine huona mkojo umekuwa mweusi, choo kimepauka, au macho yameanza kuwa ya manjano. Hiyo inaweza kuwa dalili kwamba ini halitoi nyongo vizuri, na hali hiyo inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na ikiwa kali, mtoto kufia tumboni. Inagunduliwa kwa kipimo cha damu. Ukiwa mjamzito na viganja na nyayo vinakuwasha usiku bila vipele, usipake kitu ukalala, na usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, umwambie muuguzi wazi: ninawashwa viganja na nyayo, naomba nipimwe ini.